Mnara Umesimama, Ndipo Mnatuuliza?

Likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani Mapinga niliulizwa swali moja mara nyingi kuliko maswali yote ya imani niliyopata kuulizwa tangu nianze kuitwa Frateri. Lilianza nje ya kanisa baada ya Misa ya Jumapili, likarudi jioni kwenye sala ya jumuiya, na kesho yake likanikuta kwenye kibanda cha chipsi kando ya barabara ya Bagamoyo: "Frateri, wewe umesoma. Huu mnara unaleta saratani, hauleti?"

Mnara wenyewe ni wa simu, na unauona ukiwa bado ndani ya daladala: vyuma vya rangi nyekundu na nyeupe, taa nyekundu kileleni usiku, na chini yake uzio, kontena dogo na jenereta. Umesimama kwenye kiwanja cha baba yangu mdogo. Nalitaja hili mapema ili msomaji asidhani naandika kama mtu wa pembeni. Kodi ya mnara huo imelipa sehemu ya ada ya wadogo zangu, watoto wake. Na kelele za jenereta hilo zimemfanya jirani yetu wa upande wa bahari, bibi mtu mzima, ahamishie kitanda chake chumba cha uani. Yote mawili ni kweli, na yote mawili ni ya nyumbani kwetu.

Mapinga niliyokulia ilikuwa mikorosho, minazi na mihogo. Leo ni viwanja. Watu wamehamia kutoka Tegeta, Mbezi na Kariakoo, wakinunua ardhi kwa hatua, ishirini kwa ishirini, mara nyingi kabla mpimaji hajafika. Ramani ya mipango miji inakuja nyuma ya nyumba, kwa kile tunachokiita urasimishaji, ikijaribu kupitisha barabara katikati ya kuta zilizokwisha kupakwa rangi. Mahali pa namna hiyo si rahisi kukuta eneo lililotengwa tangu mwanzo kwa ajili ya minara. Mwenye mnara anamtafuta mwenye kiwanja, wanaelewana bei, kazi inaanza.

Kwanza nijibu swali la saratani, maana nikilikwepa nitaonekana nimelipwa. Mawimbi ya simu ni mionzi isiyoayonisha, yaani haina nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama ifanyavyo mionzi ya eksirei. Inachoweza kufanya ikiwa kali sana ni kupasha joto, na viwango vya kimataifa vimewekwa mbali na hapo. Tena antena huelekeza mawimbi mbele, kama taa ya mnara wa baharini, haimwagi chini kama mvua; na ukienda mbali mara mbili nguvu yake inapungua kama mara nne. Simu iliyo sikioni kwako, kwa wengi wetu, inakupa mawimbi mengi kuliko mnara ulio ng'ambo ya uzio. Na mtandao ukiwa hafifu simu hiyo hiyo huongeza nguvu ili isikike, kwa hiyo anayeufukuza mnara mbali asidhani amejiondolea mawimbi.

Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Neno hilo limesafiri sana kwenye WhatsApp. Kilichobaki njiani ni kwamba kundi hilo ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo, na limo pia achali za mboga za kienyeji za Asia. Sijasikia mtu akiandamana kupinga achali. Kwa hiyo nilipoulizwa nilijibu hivi: kwa tunayoyajua leo, mnara unaofuata viwango haukupi saratani.

Nilidhani nimemaliza. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakanishukuru, na hasira yao ikabaki palepale. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba saratani ilikuwa jina la kitu kingine.

Siku ya tatu nilikwenda kumwamkia yule bibi jirani. Baada ya shikamoo na marahaba, habari za masomo na habari za miguu yake, nikamuuliza mbona ameacha kupita kwetu. Akanieleza jinsi ilivyokuwa. Aliamka asubuhi akakuta shimo. Wiki iliyofuata yakaja malori ya kokoto. Zege ilipokwisha kukauka ndipo alipopita kijana mmoja wa kampuni, amevaa kizibao cha kung'aa, na fomu mkononi, nyumba kwa nyumba. Fomu ilisema kwamba aliyetia saini ameshirikishwa na hana pingamizi. Wengine walitia saini wakidhani ni uandikishaji wa vyandarua. Shangazi yangu alitia kwa kumheshimu kaka yake. Yeye bibi alikataa.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi simu ninayo, na hela ya wajukuu inaingia humohumo. Mnara siukatai. Lakini mtu anakujaje kuposa na mimba ya miezi saba iko ndani?"

Nimesoma kurasa nyingi za maadili ya Aristotle muhula huu, na sijaona mahali alipoelezwa vizuri kuliko hapo. Aristotle anafundisha kwamba shauri hufanyika juu ya yale yaliyo katika uwezo wetu na ambayo bado yanaweza kuwa hivi au vile. Hakuna anayefanya shauri juu ya lililokwisha kupita. Ukiniuliza maoni yangu kuhusu shimo ambalo tayari lina nondo na zege, hujanishirikisha. Umenipa habari, kisha ukaniomba nitie saini kwamba habari hiyo ilikuwa shauri. Ule ni uongo mdogo ulioandikwa kwenye fomu, na majirani wa baba mdogo walijua ni uongo hata wale ambao hawakuisoma.

Tena yapo mambo ambayo wangeyasema kama wangeulizwa mapema, na hayana uhusiano na saratani. Jenereta: lingeweza kuwekwa upande wa barabara badala ya upande wa vyumba vya kulala, au kujengewa ukuta wa kupunguza sauti. Radi: watu wanaamini mnara unaivuta na kuunguza runinga zao, na fundi angeweza kuwaonyesha waya unaoipeleka ardhini. Kuanguka: viwanja vyetu ni vya hatua ishirini, na mnara ukilazwa chini kwa hesabu ya macho unavuka viwanja viwili. Mhandisi angewaeleza kwamba unasanifiwa kuhimili upepo, na ukizidiwa hujikunja zaidi kuliko kudondoka mzimamzima kama mnazi. Na fedha: kodi anapata mmoja, kelele wanapata wote. Hili la mwisho watu hawalisemi waziwazi kwa sababu linasikika kama wivu. Mimi siliiti wivu. Mtu anayebeba sehemu ya mzigo ana haki ya kuuliza habari za ujira.

Je, hakuna sheria? Zipo, tena nyingi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inatoa leseni, na kanuni zake zinahimiza kampuni kuchangia miundombinu ili isijengwe minara miwili inapotosha mmoja. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inaangalia urefu, na ndiyo maana ya zile rangi na taa. Tume ya Nguvu za Atomiki inapima mionzi. NEMC inasimamia mazingira. Halmashauri inahusika na kibali cha ujenzi na matumizi ya ardhi. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2005, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka wananchi watakaoguswa na mradi unaofanyiwa tathmini watafutwe maoni yao, kwa mabango, matangazo na mikutano. Na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana nafasi ndani yake.

Mtakatifu Thomasi wa Akwino anaifafanua sheria kuwa agizo la akili kwa ajili ya mafao ya wengi, lililotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya, na lililotangazwa. Mwalimu wetu hupenda kusimama kwenye neno hilo la mwisho. Sheria ambayo haijamfikia anayetakiwa kuishika bado haijafanya kazi yake ya sheria. Haya niliyoyaorodhesha nimeyapata kwa kukaa maktaba, nikiwa na muda na intaneti. Bibi yule hana hata moja kati ya hivyo viwili. Anachokijua kuhusu utaratibu mzima ni kijana wa kizibao. Ofisi zote zinaweza kuwa zimefanya kazi yao sawasawa, mihuri yote iko mahali pake, na bado jambo zima likafika kwake kama wizi.

Sasa niseme kitu kinachotuhusu sisi Wakatoliki, maana ni rahisi kuwanyoshea kidole wenye kampuni. Mwaka 1931 Papa Pius XI alifanya mambo mawili. Mwezi Februari alizindua Radio Vatican, mitambo yake ikiwa imejengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe. Mwezi Mei akatoa waraka wa Quadragesimo anno, ambao ndani yake imo kanuni ya auni: kwamba jambo linaloweza kuamuliwa na kutendwa na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na kubwa. Papa yuleyule, mwaka uleule, mnara na kanuni. Ingekuwa vizuri viwili hivyo vingeongozana daima.

Havikuongozana. Mwaka 1957 Radio Vatican ilifungua kituo kikubwa cha kurushia matangazo huko Santa Maria di Galeria, kaskazini mwa Roma. Mji ukakua kuelekea huko, nyumba zikafika hadi Cesano, karibu na antena. Wakazi walilalamika kwamba matangazo yanasikika hata kwenye vyombo vyao vya nyumbani, na waliogopa saratani ya damu kwa watoto wao. Kwa muda mrefu jibu walilopewa lilikuwa kwamba kituo kinafuata viwango vya kimataifa, na kwamba eneo lile haliko chini ya sheria za Italia kama maeneo mengine. Mwaka 2001 Vatikani ilikubali kushika viwango vya Italia, vikali kuliko vile vya kimataifa. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kufika mahakamani. Mwaka 2005 mahakama ya Roma ilimtia hatiani Kardinali Roberto Tucci, pamoja na Padre Pasquale Borgomeo aliyekuwa mkurugenzi, wote Wajesuiti, kwa kosa ambalo katika sheria ya Italia ni la kurusha vitu vyenye madhara. Mawimbi yalihesabiwa kama mawe. Adhabu ilikuwa siku kumi za kifungo kilichoahirishwa. Rufaa zikapanda na kushuka hadi mwaka 2011, ambapo muda wa kisheria wa kutoa adhabu ulikuwa umekwisha kupita.

Silisimulii hili ili kuwahukumu wazee wale, ambao walikuwa wakiipeleka Injili kwa watu waliofungiwa milango yote mingine. Nalisimulia kwa sababu jibu lao la kwanza, "tunafuata viwango", ndilo jibu lililotolewa Mapinga. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu viwango na bado akawa hajakaa na jirani yake. Leo kuna sikio kubwa zaidi. Katika Laudato si' ya mwaka 2015, namba 183, Papa Fransisko anataka tathmini ya mazingira ifanyike kabla mpango haujakamilishwa, isiwe kiraka cha baadaye, na anawapa wenyeji nafasi ya pekee kwenye meza. Neno lenye uzito kwangu ni hilo "kabla".

Najua pingamizi, kwa sababu baba mdogo amenitolea zote. Anasema: ukimuuliza kila mtu, hakuna mnara utakaojengwa, maana kila mtu anautaka mtandao na hakuna anayetaka mnara. Anasema pia kwamba kuna watu hawana hata hilo la kugombania, na hapo yuko sahihi. Mwezi Mei 2023, huko Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Nyuma ya kila namba hapo yupo mama anayepanda kichuguu kutafuta mtandao ili ampigie mtu wa bodaboda usiku mtoto akiugua. Sitaki mkutano wa kijiji uwe mahali ambapo wenye sauti kubwa wanamnyima mama huyo simu. Mwaka 2020 huko Uingereza watu walichoma minara moto wakiamini 5G inasambaza korona, na walioumia ni pamoja na wagonjwa waliohitaji kuzungumza na ndugu zao. Hofu ya wengi haigeuki kuwa kweli kwa sababu ni ya wengi.

Kwa hiyo msimamo wangu si kwamba kijiji kiwe na kura ya turufu juu ya kila mnara. Kama nchi imeamua watu wawasiliane, mnara utasimama mahali fulani. Lakini mahali gani, umbali gani na chumba cha kulala, jenereta lielekee wapi, kama mnara wa jirani hauwezi kubeba antena nyingine, na kama kuna chochote kitakachokwenda zahanati au kwenye kisima: hayo kijiji kinaweza kuyaamua, na kinayajua kuliko mtu wa ofisini. Liwekwe bango kwenye kiwanja, kwa Kiswahili, kabla ya jembe la kwanza, likitaja urefu, jenereta na jina la mtu wa kuulizwa pamoja na namba yake. Mkataba na mwenye kiwanja usianze kufanya kazi mpaka mkutano ukae na muhtasari uandikwe. Mnara ukishawashwa, vipimo vya mionzi visomwe kijijini kwa sauti, namba iliyopatikana na namba ya kikomo, pande mbili za ubao. Nina hakika swali la saratani lingepungua nusu siku hiyohiyo. Yesu aliposema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara alisema kwamba kwanza anakaa chini kupiga hesabu. Baba mdogo na kampuni walikaa, walipiga hesabu. Walikuwa wawili tu.

Na parokia zetu zisijione ziko nje. Tuna viwanja vikubwa, mara nyingi mahali pa juu, na wenye minara wanavijua. Tuna redio zetu pia, na Radio Maria haisikiki bila vyuma vilivyosimama mahali karibu na watu. Kanuni ya 1297 ya Sheria ya Kanisa inagusa masharti ya kupangisha mali ya Kanisa na ruhusa inayotakiwa. Jirani hatajwi humo. Kwa hapa kwetu pwani, ambako jirani wa parokia mara nyingi ni Mwislamu na hawezi kusikia tangazo la baada ya Komunyo, halmashauri ya walei ikijadili kupangisha kiwanja bila kwenda kubisha hodi msikitini itakuwa imefanya alichofanya yule kijana wa kizibao, kwa vazi jingine.

Kiswahili kina neno moja, mnara, kwa ule wa msikiti, ule wa kanisa na huu wa simu. Pale misheni Bagamoyo upo mnara wa kanisa la zamani ambao watu wanauita kwa jina la Livingstone, kwa kuwa mwili wake ulilazwa hapo mwaka 1874. Anayeadhini yuko kijijini na mpiga kengele yuko kijijini. Wakikukera, unajua uende nyumba gani. Mnara wa kiwanjani kwetu una kibao chenye namba ya simu. Bibi aliipiga mara mbili kuhusu jenereta. Alijibiwa na sauti iliyorekodiwa, ikimtaka abonyeze moja kwa Kiswahili.

Kabla sijarudi seminarini zamu ya sala ya jumuiya ilifika kwa baba mdogo. Kwa kawaida tunajaa hadi kwenye baraza. Safari hii tulikuja sita, wanne kati yetu ni wa ukoo. Umeme ulikatika tukiwa kwenye masifu, jenereta likawaka, ikabidi mama mdogo aliyeongoza apaze sauti. Tulipofika kwenye maombi baba mdogo alinyamaza muda mrefu, kisha akawaombea majirani zake kwa majina, mmoja mmoja. Asubuhi alinituma kwa bibi na kifurushi cha sukari. Bibi alikipokea, akakiweka mezani, akaniuliza: "Amekutuma wewe kwa sababu gani? Miguu yake inauma?"

Nilimfikishia baba mdogo maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa bado anavaa viatu daladala langu lilipokuja.